Simu ya kwanza ya mtoto Nyakabiga: kufuli la mzazi linafunga nini, na linaacha nini wazi?

Katika mitaa ya Nyakabiga, jijini Bujumbura, simu ya kwanza ya mtoto wa miaka 13 au 14 aghalabu haitoki dukani. Hutoka mfukoni mwa kaka aliyenunua nyingine, au katika sanduku la shangazi aliyekuja likizo kutoka Ubelgiji au Kanada, ikiwa na ufa kwenye kioo na betri isiyomaliza siku. Mtoto huipokea kwa mikono miwili. Mzazi naye hubaki na swali ambalo mtoa simu hakumwachia jibu lake: afanye nini ili kitu hiki kimletee mtoto masomo na salamu za jamaa, kisimletee pia watu ambao yeye mzazi asingewaruhusu kuvuka kizingiti cha nyumba yake?

Jibu wanalolitoa watengenezaji wa simu ni programu za usimamizi wa wazazi. Zipo, nyingi ni za bure, na zinafanya kazi. Lakini zilibuniwa kwa kumfikiria mtoto mwenye simu ya peke yake, nyumba yenye intaneti isiyokatika, na mzazi anayeielewa simu kuliko mwanawe. Nyakabiga, kitongoji cha tarafa ya Mukaza kilicho jirani na kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, ni mahali ambapo ua mmoja waweza kukaliwa na familia kadhaa, simu moja ikapita katika mikono minne kwa siku, na mara nyingi mtoto ndiye aliyemwekea mama yake WhatsApp. Kabla ya kulitegemea kufuli, basi, ni vyema kujua linafunga mlango upi.

Simu yenye maisha ya mtu mwingine

Simu iliyotumika huja na mwenyewe ndani yake. Ikiwa akaunti ya Google ya kaka bado imo, basi picha zake, orodha ya namba zake na historia ya alivyovitazama kwenye YouTube vyaweza kuwa wazi mbele ya mtoto. Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalioni: kila atakachopakua mtoto kitahesabiwa kuwa kimepakuliwa na mtu mzima. Duka la programu la Play Store litamwona mwanamume wa miaka 27, si mwanafunzi wa darasa la saba. Udhibiti umeshindwa hapo kabla haujaanza.

Dawa yake ni ya hatua mbili, na mpangilio wake una maana. Kwanza mwenye simu wa zamani aondoe akaunti yake mwenyewe katika mipangilio. Kisha simu irejeshwe katika hali ya kiwandani. Simu ya Android ikifutwa kwa nguvu kupitia vitufe vyake kabla akaunti haijaondolewa, ikiwaka tena huomba neno la siri la akaunti ile ile ya zamani. Hiyo ni kinga iliyowekwa dhidi ya wezi, nayo haijui kumtofautisha mwizi na mpwa. Shangazi akiwa amekwisha kurudi Brussels na neno la siri amelisahau, zawadi imekuwa kipande cha kioo. Kazi hii, kwa hiyo, hufanywa siku simu inapotolewa, mtoaji akiwa amekaa hapo hapo sebuleni.

Inayofuata ni akaunti mpya, na hapa ndipo uongo mdogo huleta madhara makubwa. WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zote zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kujiunga. Mtoto wa miaka 12 akitaka kuingia, huandika kwamba alizaliwa mwaka 1995, na mara nyingine mzazi ndiye anayemsaidia kuandika. Kinga nyingi za mitandao hiyo hutegemea tarehe hiyo moja. Tangu Septemba 2024 Instagram imekuwa ikiwaweka vijana katika akaunti maalumu zilizofungwa kwa wageni, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kuzilegeza bila ruhusa ya mzazi. TikTok humzuia aliye chini ya miaka 16 kutumiana ujumbe wa faragha. Aliyejiandika kuwa na miaka 30 hapati hata moja kati ya hizo. Wageni watamwandikia kama wanavyomwandikia mtu mzima, na mtandao hautaona ajabu.

Kinachofungwa

Kwa simu za Android, ambazo ndizo nyingi mikononi mwa watu, programu inayojulikana zaidi ni Family Link ya Google, iliyoanza mwaka 2017. Simu ya mzazi na ya mtoto huunganishwa. Tangu hapo mtoto akitaka kupakua programu, ombi humfikia mzazi, naye hukubali au hukataa. Mzazi anaweza kupanga saa za matumizi kwa siku, kuifunga simu wakati wa kulala, kuzuia tovuti katika kivinjari cha Chrome, na kuona simu iko wapi. Wenye iPhone wana kipengele cha namna hiyo, Screen Time, kilichomo ndani ya simu yenyewe tangu mwaka 2018.

Asiye na simu ya kisasa ya kuunganisha na ya mtoto bado hajakosa la kufanya. Ndani ya Play Store mna mahali pa kuweka kiwango cha umri na kukifunga kwa namba ya siri, na YouTube ina hali ya kuficha video zisizofaa. Namba hiyo ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, wala namba ile ile ya kufungulia simu ya mama. Watoto huzijua zote mbili.

Kwa familia za Nyakabiga, Buyenzi na Bwiza zinazozungumza Kiswahili nyumbani, kuna hatua moja nyepesi inayobadilisha mambo. Simu nyingi huja zikizungumza Kifaransa au Kiingereza, na mzazi asiyezisoma lugha hizo vizuri humwachia mtoto amfasirie maandishi ya kumdhibiti yeye mwenyewe mtoto. Android ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake, na WhatsApp pia. Mzazi akiibadilisha lugha ya simu yake, neno "Mipangilio" litatokea pale lilipokuwa neno lisilomwambia kitu.

Ipo kasoro ambayo wabunifu wa programu hizi hawaitaji sana. Simu mbili zilizounganishwa huzungumza kwa intaneti. Mama aliyeko sokoni bila mega hapati ombi la mtoto, na agizo alilolitoa mama halifiki katika simu ya mtoto hadi simu hiyo iingie mtandaoni. Katika mji ambako wengi hununua kifurushi cha siku moja, au cha saa chache, mtoto huchoka kusubiri, mzazi huchoka kuombwa, na siku ya tatu mzazi humpa mtoto namba ya siri ili apate amani. Kufuli nyingi hufa namna hiyo. Ni afadhali kukubaliana mapema kwamba maombi ya programu mpya hujibiwa jioni, mara moja, wote wakiwa nyumbani.

Milango ambayo kufuli haliioni

Programu za usimamizi hulinda zaidi mlango wa intaneti. Bujumbura, kama ilivyo Goma, Kigoma au Mombasa, mambo mengi huingia katika simu bila kupitia mlango huo. Kwa kuwa mega ni ghali, nyimbo, filamu na michezo hupitishwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth, au huwekwa kwenye memori kwa fundi wa kibandani. Hakuna kichujio kinachosimama kati ya memori hiyo na macho ya mtoto. Hata programu nzima huweza kuhamishwa hivyo, bila kupita Play Store. Katika Family Link mna kipengele cha kuzuia programu zinazotoka katika vyanzo visivyojulikana; pengine ndicho cha kwanza kukaguliwa hapa kwetu, hata kabla ya saa za matumizi.

VPN, programu zinazovuka vizuizi vya mtandao, si jambo geni Nyakabiga. Mwishoni mwa Aprili 2015, wakati wa maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, ambayo kitongoji hicho kilikuwa miongoni mwa vitovu vyake, WhatsApp, Facebook na mitandao mingine ilizuiwa kwenye simu za mkononi. Watu wakajifunza njia ya kuzunguka. Watoto wa miaka 13 wa leo walikuwa hawajaanza shule wakati huo, lakini kaka na dada zao wanayo maarifa hayo na hawana sababu ya kuyaficha. Mzazi anayeweka kizuizi kwenye intaneti ya nyumbani pekee na kulala usingizi atambue kwamba amezuia wale tu wasiotaka kupita.

Kisha kuna vikundi vya WhatsApp. Mtoto huingia katika kikundi cha darasa, cha ukoo, cha kwaya au cha madrasa; baada ya wiki mtu asiyemjua huchukua namba yake humo na kumwongeza katika kikundi kingine. Family Link haisomi ujumbe wa WhatsApp, wala WhatsApp yenyewe haiwezi kuusoma, kwa kuwa umefungwa kwa msimbo kati ya mtumaji na mpokeaji. Kinachowezekana ni kubana milango ndani ya WhatsApp: katika mipangilio ya faragha, kuchagua kwamba ni watu waliohifadhiwa kwenye simu tu wanaoweza kumwongeza mtoto katika vikundi na kuona picha yake, na kwamba simu za watu wasiojulikana zisilie. Kuzuia picha na video zisijipakue zenyewe hulinda macho na mfuko kwa pamoja, maana mega nyingi huishia kwenye video za kikundi ambazo hakuna aliyeziomba.

Vichujio vina udhaifu mwingine unaowahusu wasomaji wa Kiswahili na Kirundi moja kwa moja: vimefunzwa zaidi kwa Kiingereza. Tusi au mtego ulioandikwa kwa mchanganyiko wa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, kama vijana wa Bujumbura wanavyoandika, ni rahisi zaidi kupenya.

Laini ya simu kwa jina la mama

Picha chafu ndizo zinazowatisha wazazi wengi, lakini hasara inayoweza kubisha hodi mapema zaidi ni ya fedha. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, karangamuntu, na mtoto hana. Kwa hiyo laini anayotumia ni ya mama, baba au mjomba. Lolote litakalofanywa kwa namba hiyo, tusi, uzushi au udanganyifu, mtu wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina. Burundi ina sheria ya mwaka 2022 ya kuzuia na kuadhibu uhalifu wa mtandaoni, na mzazi anayemkabidhi mtoto laini yake anapaswa kulijua hilo, naye mtoto aambiwe.

Laini hiyo huenda pia imeunganishwa na Lumicash au EcoCash. Ikiwa ndiyo ile ile ambayo mama hupokelea fedha za biashara, mtoto amekabidhiwa kibeti. Laini ya mtoto iwe nyingine, isiyo na akiba, na namba ya siri ya fedha isitajwe mbele yake hata anapotumwa kununua uniti. Matapeli hupiga simu wakijifanya wafanyakazi wa kampuni na kutangaza zawadi. Mtoto aliyefundishwa kuwaheshimu wakubwa hujibu kila anachoulizwa.

Mtego mwingine hauhitaji hata fedha kwenye laini. Ujumbe huja kupitia WhatsApp kutoka kwa mtu anayefahamika, pengine mwalimu au binamu: "Nimekosea, nimetuma namba sita kwako, nirudishie." Namba hizo sita ndizo ufunguo wa akaunti ya WhatsApp. Mtoto akizituma, akaunti imehamia mikononi mwa tapeli, na dakika chache baadaye jamaa wote waliomo katika simu, wa Burundi na wa ng'ambo, wanaombwa msaada wa haraka kwa jina la mwenye namba. Binamu aliyetuma ujumbe wa kwanza naye alikuwa ameibiwa vivyo hivyo. WhatsApp ina kinga ya hatua mbili, namba ya siri ya ziada inayochaguliwa na mwenyewe. Kuiwasha huchukua dakika mbili, na iwashwe kwenye simu ya mzazi kabla ya ya mtoto.

Kwa sababu hizi baadhi ya familia huanza na simu ndogo ya vitufe, ile ambayo Tanzania huitwa kitochi. Mtoto anapiga, anapigiwa, anamwarifu mama kwamba amechelewa shule. Si uamuzi wa kizamani. Kwa mwanafunzi ambaye shule yake hairuhusu simu, na shule nyingi haziruhusu, huenda kitochi kikatosha mwaka mzima.

Kusimamia na kupeleleza

Je, mzazi asome ujumbe wa mtoto? Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Burundi imeuridhia, unalijibu swali hili vizuri kuliko programu yoyote. Kifungu cha 10 kinalinda faragha ya mtoto, na papo hapo kinawapa wazazi haki ya kusimamia mwenendo wake kwa kiasi kinachofaa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto nayo, katika maelezo yake ya mwaka 2021 kuhusu mazingira ya kidijitali, ilisisitiza kwamba ufuatiliaji wa mtoto uwe na kipimo na uzingatie jinsi anavyokua.

Kwa lugha ya nyumbani, mtoto ajue kwamba anasimamiwa, ajue kwa nini, na ajue kitakachobadilika akifikisha miaka 15. Programu za siri zinazouzwa mtandaoni kwa ahadi ya kumwonyesha mzazi kila kitu ni hatari ya namna yake: nyingi huomba ruhusa zote za simu na kupeleka maisha ya mtoto kwa kampuni asizozijua mtu. Tena mtoto akizigundua, naye huzigundua, hufungua akaunti ya pili kwenye simu ya rafiki, na hapo mzazi hana tena pa kuchungulia.

Kuna sababu nzito zaidi ya kutovunja uaminifu huo. UNICEF, ECPAT na INTERPOL zilifanya utafiti kuhusu unyanyasaji wa watoto mtandaoni katika nchi kadhaa, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, na ripoti zake zikaanza kutoka mwaka 2021. Ulionyesha kwamba mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimjua tayari, na kwamba watoto wengi walioathirika hawakusema kwa mamlaka yoyote. Walimwambia rafiki, au hawakumwambia mtu. Kichujio cha Chrome hakimzuii jirani wa ua mmoja aliyepewa namba ya binti na mama mwenyewe. Kinachoweza kumzuia ni binti kusema siku ya kwanza, na hasemi akijua kwamba jibu la nyumbani ni kipigo na kunyang'anywa simu.

Likitokea

Mtu akimtishia mtoto kwamba atasambaza picha yake, mambo ya kufanya ni machache. Asilipe, kwa sababu anayelipa huombwa tena. Asifute mazungumzo, maana ndiyo ushahidi; yapigwe picha ya skrini yakiwa na namba na tarehe, isipokuwa picha yenyewe ya mtoto, ambayo haipaswi kunakiliwa wala kutumwa kwa yeyote, hata kwa nia ya kuuliza ushauri. Kisha mhusika azuiwe na kuripotiwa. Burundi ina laini ya simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, iitwayo Yaga Ndakumva, yaani "sema, ninakusikia". Mtoto anaweza kuipiga mwenyewe. Kwa picha za walio chini ya miaka 18 ipo pia huduma ya bure ya Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na shirika la Marekani la NCMEC. Picha haitoki kwenye simu. Huduma hiyo huchukua alama yake tu, mfano wa alama ya kidole, na mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, huitumia kuitafuta na kuiondoa. Haifiki ndani ya WhatsApp.

Linabaki suala la usiku. Programu yaweza kuifunga simu saa tatu, lakini REGIDESO ikikata umeme jioni na kuurudisha saa sita, mtoto ataamka kuchaji, na simu iliyo mkononi gizani haikosi la kuonyesha. Baadhi ya wazazi wamelimaliza bila programu: chaja ni moja, iko sebuleni, na simu zote za nyumba hulala hapo, ya baba ikiwa ya kwanza kuwekwa.